Umegeuka Nini?

Nilifika langoni jua likiwa limepanda, kivuli cha ukuta kimejikunja chini ya ukuta wenyewe kama mbwa aliyeshiba. Mbele yangu palikuwa na mtu mmoja tu, mwanamume aliyebeba sululu begani. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Palikuwa na uwanda, na nyuma ya uwanda ukungu, na ndani ya ukungu miaka yangu. Ilikuwa mingapi, sikujua. Kule nilikotoka siku hazifuatani. Hutoka kama mbuzi wanaofunguliwa zizini, hii inaikanyaga ile, ya kesho inatangulia, ya juzi inachelewa ikila majani ya njiani, na mtu huzeeka kwa kadiri alivyotembea, si kwa kadiri alivyoishi. Mimi nilikuwa nimetembea sana.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwona msichana akinitangulia. Alijifunga kanga yangu ya maua ya zambarau, ile niliyoondoka nayo na ambayo kule milimani ilichakaa ikaishia kuwa vitambaa vya kufungia vidonda. Alikuwa na mwendo wangu wa zamani, wa kurusha visigino. Nilimwita kwa jina langu. Hakutazama nyuma. Tulipoukaribia mji nilimwona akipita katikati ya walinzi kama upepo unavyopita katikati ya mahindi, akaingia kama mwenyeji wa kila siku, wala hapana aliyemwuliza neno.

Mji huo ndio ulionituma. Mto wake ulikauka nikiwa bado nasukwa nywele na mama yangu, na wakubwa wakachagua vijana, wakatupigia ngoma, wakatuambia: nendeni juu, mkatufungulie mto. Tulikwenda. Tukaufungua, kisha kila mmoja akarudi kwa siku zake. Niliposimama pale langoni niliusikia ukipita chini ya ukuta, kwenye nondo za chuma, ukiingia mjini kwa kelele zake zote. Maji hayakuulizwa yametoka wapi, hayakuulizwa ni yale yale ya zamani au ni mengine. Yalinywewa.

Mlinzi wa lango aliitwa Semboja. Alikuwa mtu mnene mwenye goti bovu, ameketi kwenye kiti cha kukunja, mguu mmoja ameupumzisha juu ya debe lililogeuzwa. Juu ya kichwa chake, kwenye boriti ya lango, palipigiliwa bamba la shaba lenye maneno ya Kiingereza. Waliolijenga lango walikuwa wageni. Walikwisha kuondoka zamani, wakaacha lango, bamba na hofu. Semboja hakukijua Kiingereza, lakini maneno yale aliyakariri kama baba yake alivyoyakariri, yote kwa pumzi moja:

"Wata-vyu-bikam? Umegeuka nini?"

Mwanamume mwenye sululu alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, ilionekana usoni.

"Nimegeuka fundi wa mawe," alisema.

"Aliyeondoka alikuwa fundi?"

"Hapana. Alikuwa mchunga punda."

"Basi si wewe uliyeondoka," Semboja alimwambia, bila ubaya, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba chumvi imekwisha. "Rudi nje, ndugu yangu."

Nikajifunza kutokana na makosa ya mwenzangu. Zamu yangu ilipofika, nikaulizwa, nikajibu kwa haraka:

"Sijageuka kitu. Mimi ni Mwajabu, binti Mwantumu, wa mtaa wa Kisimani. Niliyeondoka ndiye huyu niliyerudi."

"Hayo ataamua shahidi," alisema Semboja, akatuma aitwe mama yangu.

Mama alikuja. Hapo langoni pana kidirisha cha kadiri ya uso, na shahidi husimama upande wa ndani. Niliuona uso wake ukijaa kile kidirisha, umekuwa mdogo, umejaa mistari kama karatasi iliyokunjwa mfukoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu, kama unavyomjibu mtoto yeyote njiani.

Akanitazama. Nilijitahidi kufanana na mimi. Nilinyoosha mgongo, nikapanua macho, nikajaribu hata kutabasamu upande mmoja nilivyokuwa nikifanya. Mtu anayejiigiza mwenyewe ni kitu cha kuhuzunisha sana kukiona, na nadhani yeye alikiona.

"Mwanangu sauti yake ilikuwa nyembamba," alisema hatimaye. "Huyu ananguruma. Mwanangu nywele zake nilizisuka mimi, nyeusi tii. Na tena mwanangu ninaye ndani. Kila asubuhi namwona kwenye kizingiti, na kanga yake ya zambarau. Huyu simjui."

Kidirisha kikafungwa.

Semboja alihamisha mguu wake juu ya debe. "Una nafasi moja nyingine," alisema. "Akikukana tena, jina lako linarudi mtaani, anapewa mtoto mchanga. Kuna mmoja kazaliwa kwa kina Shekue. Wanatafuta jina la kike." Kisha, kwa sauti ya chini: "Pole, dada."

*

Kugeuka. Nilikaa uwandani nikalitafuna neno hilo mpaka likaniuma meno.

Geuka, anasema mama anayempima mwanawe nguo mpya, nikuone mgongoni. Geuka, anasema mwenye bunduki. Usigeuke nyuma, wanasema wanaokuvusha mto. Amenigeuka, anasema aliyesalitiwa. Amegeuka paka, wanasema kuhusu bibi kizee wanayetaka kumfukuza. Neno moja, na karibu kila linapotamkwa kuna mtu anayeogopa. Anayegeuka huonyesha kisogo, na kisogo hakina macho wala kinywa, hakijibu salamu. Kwa hiyo ukiulizwa umegeuka nini, umekwisha kuhukumiwa. Lililobaki ni kutaja kosa tu.

Na bado nilijua kwamba nilidanganya. Sijageuka kitu! Mimi? Mimi niliyekuwa na vidole kumi na sasa ninavyo tisa? Mimi ambaye wakati fulani kule juu niliitwa kwa jina la mtu mwingine, nikaitika? Kama si yule wa kwanza, na nimekataa kuwa huyu wa sasa, ni nani basi aliyesimama pale langoni akimwamkia mama yangu?

Hapana mtu. Hapana mtu aliyesimama. Mama alichungulia dirishani asione mtu, akasema ukweli.

*

Nje ya ukuta kuna kambi ya mahema ya magunia. Watu wa ndani huwaita wakazi wake Wasiokuwa. Huko ndiko wanakokwenda waliokanwa, wengine wakisubiri nafasi ya pili, wengine wakiwa wamekwisha kuipoteza na wamekosa pa kwenda. Mwanamume mwenye sululu alikuwa amekwisha kuanza kujichimbia mtaro kuzunguka hema lake.

Moshi ulinivuta kwenye jiko la mawe matatu. Hapo alikuwapo mwanamke wa umri wangu, au wa umri ninaoonekana kuwa nao, akichemsha mihogo na kupenga kamasi kwenye pindo la kitenge.

"Amekukana?" aliuliza, hata salamu hakuna.

"Amesema hanijui."

"Afadhali wako. Mimi shangazi yangu alisema ananijua sana, ila nimekufa, na msiba wangu aliulilia mwenyewe." Akasogea kunipisha kwenye jamvi. "Naitwa Nakiete. Nilikuwa mwalimu mle ndani, nilifundisha Kiingereza mpaka chaki ikanikaa kifuani. Nilitoka siku moja tu kwenda kumzika kaka yangu, kijiji cha pili. Siku hiyo moja, huku nje, sijui ilikuwa na ukubwa gani. Niliporudi shangazi alikuwa bibi kizee."

"Ulijibu nini kwenye swali?"

"Sikujibu. Nilianza kuwasahihisha." Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Nafasi ya kwanza nilieleza sarufi. Nafasi ya pili nilieleza asili ya neno. Shangazi akafa katikati ya maelezo, mwaka huo huo. Chukua muhogo. Wewe je, ulijibu nini?"

"Nilisema sijageuka."

"Kwa nini ukasema hivyo?"

"Si waliniuliza nimegeuka nini?"

"Hawakukuuliza hivyo," alisema Mwalimu Nakiete. Aliliweka chini lile sufuria, na nikamwona akinyooka, kama mtu anayeona ubao mbele yake. "Bamba halisemi kugeuka. Bamba linasema *bikam*. Ni neno la kawaida kabisa, mtoto wa darasa la tatu analijua, na ndiyo maana hapana anayeuliza limetoka wapi. Lina vipande viwili. Hicho *bi* ni karibu, kando ya kitu, pembeni pake. Na hicho *kam* ni kuja. Basi. Wazee wao wa zamani sana, kwenye kisiwa chao cha baridi, walipolitamka walimaanisha kufika. Mtu katoka porini, barafu mpaka magotini, akauona moshi wa nyumba, akausogelea. Kabikam. Kafika. Unaona kugeuka kokote hapo?"

"Sioni."

"Hakumo. Ni neno la safari."

Nilikuwa nimeshika kipande cha muhogo na sijakila.

"Halafu lilikuwa na maana ya pili," aliendelea. "Kwa sababu si watu tu wanaofika. Mambo nayo hufika. Ugonjwa unafika, bahati inafika. Jambo lililokufika, limekupata. Jirani zao Wadachi, yaani Wajerumani, wanalo neno hilo hilo, na kwao mpaka leo maana yake ni kupata, kupata mkate, kupata barua. Na sisi? Tunasema nimepata mkate. Tunasema nimepata ajali. Neno moja kwa mkate na ajali! Tuliokota wazo lile lile bila kuombana."

"Na hili la kuwa kitu kingine?"

"Lilikuja baadaye. Mtu akifika mahali akakaa, huwa wa mahali hapo. Polepole neno likasahau njia, likabaki na mwisho wa njia. Likawa kuwa. Na bado lina mtoto wa mwisho: nguo ikimkaa mtu vizuri, wanasema imembikam. Imemfikia mwilini. Imempendeza." Alipenga tena. "Kufika, kupata, kuwa, kupendeza. Katika hayo manne, wakubwa wa lango wameliletea la tano ambalo halimo."

"Nani alilitafsiri hivyo?"

"Sijui. Labda mtu mwenye haraka. Labda mtu mwenye cheo. Mwenye cheo humwogopa kila anayerudi, kwa sababu anayerudi ameona mahali ambapo cheo hicho hakijulikani."

Fundi wa mawe aligonga jiwe huko kwenye mtaro wake. Kisha Nakiete akaongea kwa sauti nyingine, ya mtu asiyefundisha.

"Nitakwambia kinachonikosesha raha. Maisha yangu yote nimesahihisha watoto wanaochanganya kua na kuwa. Mtoto anaandika, nimekua. Nampigia mstari mwekundu, namwekea ile w yake: nimekuwa. Anaandika nimekuwa, nampigia mstari, naing'oa. Huku nje najiuliza, nani alinipa ruhusa? Pengine mtoto alijua alichotaka kusema. Pengine hapana njia nyingine ya kuwa isipokuwa kua."

Sijui ni neno lipi lililonifungua. Nilianza kucheka. Nilicheka huku nimeshika muhogo, machozi yakanitoka, na kicheko changu kilikuwa kinene kama cha mwanamume, na kwa mara ya kwanza sikukionea haya. Kwa hiyo lile halikuwa shitaka! Miaka yote, foleni zote, hofu zote, na kumbe aliyeliandika swali lile juu ya lango, awe nani, alikuwa anauliza kama kila mama anavyouliza mlangoni pake mtoto anapochelewa kurudi kisimani. Umefikaje? Yamekupata nini huko?

Nimefika. Nimepata. Nimepatwa. Nimekuwa. Nimekua. Niliyasema moja moja kwa sauti, na kila moja lilikaa kifuani mahali pake, kama watu wanaopangwa kwenye jamvi na mwenyeji mwenye adabu.

"Kesho twende wote," nilimwambia.

"Mimi nimemaliza nafasi zangu."

"Twende unisindikize tu."

"Nikifika pale nitafundisha."

"Utafunga mdomo," nilisema, na Mwalimu Nakiete akakubali, ila akaniusia jambo moja: "Usiwaeleze niliyokueleza. Kuwa sahihi hakujawahi kumfungulia mtu lango lile. Ninao ushahidi, ndio mimi."

*

Asubuhi tulimkuta Semboja akijikanda goti kwa mafuta ya nyonyo.

"Wata-vyu-bikam?" alianza. "Umegeu..."

"Bwana Semboja, naomba jambo moja. Swali ni lako na ninaliheshimu. Lakini naomba mama yangu ndiye aniulize, kwa maneno yake mwenyewe."

"Sheria inataka mtu aulizwe."

"Inataka aulizwe na nani?"

Alipandisha macho kwenye bamba kwa shida, kama mtu ambaye hajawahi kulitazama. "Hilo halikuandikwa," alisema.

Nyuma yangu nilimsikia Nakiete akivuta pumzi ya kusema kitu. Nikamkanyaga kidogo. Akaikohoa.

Semboja aliendelea kujikanda. "Nitakwambia kitu, dada. Nimeuliza swali hili tangu nikiwa na miguu yote miwili mizima. Wengine hujibu wamegeuka hiki, wengine hawajageuka kitu. Sijawahi kusikia jibu hata moja nikalikumbuka nilipofika nyumbani." Alifuta mikono. "Mwiteni Mama Mwantumu."

Kidirisha kilifunguka. Uso wa mama ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho.

"Nimeambiwa nikuulize," alisema. "Nikuulize nini?"

"Uliza unachotaka kujua, Mama."

Mto ulipita chini yetu kwa kelele. Nilijua kwamba nikimsaidia kwa neno moja nitakuwa nimejikana mwenyewe, kwa hiyo nilisubiri. Kisha sauti yake ikatoka, ndogo, yenye ukali wa mtu aliyenyimwa usingizi:

"Yamekupata nini?"

Hakuna aliyemfundisha. Naapa hapana aliyemfundisha.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kule juu mlima ulikuwa umeporomoka ukalala juu ya chemchemi, na sisi tulichimba kwa mikono. Nilimwambia kwamba ukungu ulikuwa mzito hata mtu asione kiganja chake, na ili tusipotezane kijana mmoja, Sekivunga, alikuwa akituimbia, nasi tukichimba kwa kuufuata wimbo wake. Kisha udongo uliolowa ukamfunika Sekivunga, na wimbo ukakatika, na wenzangu wakaanza kutawanyika ukunguni wakilia kama watoto. Nikauchukua wimbo. Niliuimba kwa sauti yake, nzito, ili wasijue. Wakarudi. Wakaniita Sekivunga, nikaitika. Nilikula fungu lake la chakula, nikalala mahali pake, nikaota ndoto za utotoni mwake, mbwa wake, baba yake. Sikujua tena ni nani kati yetu aliyekuwa chini ya udongo.

"Jiwe liliniponda kidole," nilisema, nikamwonyesha. "Mvua moja ilinyesha, na iliponyamaza nywele zangu zilikuwa nyeupe. Na siku maji yalipochomoza nilipiga ukelele, wote tulipiga ukelele, na tangu hapo sauti hii haijaondoka. Si yangu, Mama. Aliniachia yeye. Lakini ndiyo ninayoitumia sasa."

Mama alikuwa amepitisha vidole vyake kidirishani na kushika ukingo.

"Mlikuwa mnakula nini?"

"Mizizi. Na uyoga."

"Uyoga! Wewe ulikuwa huli uyoga."

"Nakula sasa."

Alipepesa macho. "Na huyo Sekivunga, mama yake anajua?"

"Hajui. Habari zake ninazo mimi peke yangu."

Semboja aliushusha mguu kutoka kwenye debe, akasimama, jambo ambalo nadhani halikuwa la kawaida, maana walinzi wengine nao walisimama. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Mama Mwantumu, sheria inataka neno. Ndiye, au siye?"

"Sijui," alisema mama.

Nikatazama kuelekea kambini.

"Yule wa ndani namjua," aliendelea. "Nilikwambia jana, namwona kizingitini kila asubuhi. Lakini hali chakula. Haniambii kitu. Hazeeki. Nimempigia hadithi, nimemgombeza, hanigeukii hata uso. Huyu hapa simjui, lakini nimemwuliza amenijibu." Akamtazama Semboja kwa macho ambayo niliyakumbuka vizuri sana, macho ya kubishana na wauza samaki. "Na tena wewe unaniuliza ndiye, ndiye. Siku niliyomzaa nilimjua? Mkunga aliniwekea kifuani mtu mgeni kabisa, mwekundu, ananifokea. Hapana aliyeniuliza kama ndiye yule aliyekuwa tumboni. Nilisema nipeni, basi. Nikamjua baadaye, kidogo kidogo, kwa kumnyonyesha na kumwosha. Huyu naye nipeni. Nitamjua ndani."

Semboja alitazama bamba, akatazama goti lake. Halafu akasema, "Hilo nitalikumbuka," akaenda mwenyewe kuondoa komeo.

Lango lilikuwa zito na lilifunguka kwa manung'uniko. Mama alikuwa mfupi kuliko nilivyomwacha, kichwa chake kilinifika kifuani. Hatukukumbatiana mara moja. Alinizunguka kwanza, akanitazama mgongo, akanishika mkono wenye kidole kilichopotea, akaugeuza juu chini, akasema "Mmh," kisha akauweka shavuni pake.

"Na wewe, mwalimu," nilimsikia Semboja akisema nyuma yetu. "Wewe yamekupata nini?"

Mwalimu Nakiete alifungua mdomo. Nilijua ni mangapi aliyonayo humo. Alisimama mdomo wazi, chafya ikamjia, akapiga chafya, na baada ya chafya hayakutoka maelezo.

"Nilikwenda kumzika kaka yangu," alisema. "Nimechoka, Semboja. Nataka kulala kwenye nyumba yenye mlango."

"Shahidi wako alikufa."

"Huyo pia nipeni," alisema mama bila kugeuza kichwa, maana bado alikuwa ameushika mkono wangu. "Nitamjua. Ila kwanza afanyiwe dawa ya hicho kifua."

Semboja hakulifunga lango. Alirudi kwenye kiti chake, akaita kwa sauti kuelekea kambini, akauliza kama kuna mwingine anayetaka kuja kusimulia. Nilipotazama nyuma mara ya mwisho, fundi wa mawe alikuwa anakuja akikimbia, sululu ikimruka begani.

*

Nyumbani mama hakunyamaza. Alinionyesha paa linalovuja, akawasema majirani, akanilaumu kwa kuvua ndala mahali pasipo pake. Alimlaza Nakiete sebuleni na bakuli la maji ya tangawizi, na Nakiete akalala kabla hajaonja. Aliniuliza maswali mengine, mengi, bila mpango, kuhusu baridi ya kule, kuhusu kama tulikuwa na vyombo, kuhusu mbwa wa Sekivunga katika ndoto alikuwa wa rangi gani. Alisema kwa mama yake Sekivunga tutakwenda pamoja, yeye na mimi, kesho, na kwamba nisifikirie kuyasema peke yangu yale. Alinipikia uji, akautia chumvi nyingi mno. Nilipomwambia, alisema yule wa zamani alikuwa akiupenda hivyo. Nikamwambia mimi naupenda na chumvi kidogo. Alifikiri, akaongeza maji.

Kabla ya alasiri usingizi ulinizidi. Mama aliniongoza mpaka kwenye chumba cha nyuma, kwenye kitanda changu cha kamba. Nilijilaza. Nilikuwa nimerefuka au kitanda kilikuwa kimefupika. Miguu yangu ilipita ubao wa mwisho ikaning'inia hewani, na mama akasimama akiitazama, mikono kiunoni, kama mtu aliyeletewa mzigo mkubwa kuliko alioagiza.

"Tutamwita seremala akiongeze," alisema.

Akatoka. Nilimsikia akisogeza vitu jikoni, akijibishana na paka. Akarudi na kigoda anachokalia akipika, akakiweka mwisho wa kitanda, akainyanyua miguu yangu mmoja mmoja, akailaza juu yake.